Maswali na majibu: Mungu yuko kila mahali, ibadani twendee nini?

Mwezi uliopita niliandika hapa kuhusu sala ya faragha, na wasomaji wengi wamenirudishia swali lile lile kwa sura mbalimbali: kama naweza kuomba chumbani kwangu, mkusanyiko wa kila juma una kazi gani? Nimechagua maswali saba.

Naomba kila siku na Biblia naisoma. Mungu hakai kwenye majengo. Kwa nini nitoke nyumbani kila Jumapili?

Kuhusu majengo umesema kweli, ndugu yangu. Paulo aliwaambia hivyo hivyo watu wa Athene, kwamba Mungu hakai katika hekalu zilizojengwa kwa mikono. Na sala ya kujifungia chumbani Bwana mwenyewe ndiye aliyetufundisha. Ila huyo huyo aliyesema tufunge mlango, Luka anatuambia kwamba siku ya sabato aliingia katika sinagogi “kama ilivyokuwa desturi yake”. Desturi, yaani wiki baada ya wiki, miaka yote ile ya Nazareti ambayo Injili karibu haziisemi. Kama kuna mtu aliyestahili kusema kwamba mafundisho ya pale hayamwongezei kitu, ni yeye. Naye alikwenda.

Tazama pia neno lenyewe. “Kanisa” tumelipokea kutoka Kiarabu, na Waarabu walilipata kwa Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu. Shina lake ni kukusanya. Kwa hiyo mtu akisema “mimi ni kanisa peke yangu”, lugha yenyewe inamkatalia.

Mstari unaonukuliwa sana katika jambo hili ni Waebrania 10:25, “wala tusiache kukusanyika pamoja, kama ilivyo desturi ya wengine”. Mara nyingi unasomwa kama karipio, na hilo hunisikitisha, kwa sababu mstari unaoutangulia ndio unaotoa sababu: “tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri”. Huwezi kuangaliana ukiwa mmoja. Mwandishi hasemi kwamba usipokwenda utakosa baraka zako. Anasema kuna mwenzako anayehitaji kuangaliwa.

Hilo nililielewa wiki ya tatu baada ya kumzika baba yangu. Nilikwenda ibadani kwa kuwa mama alitaka kusindikizwa, basi. Wimbo ulipoanza koo likanifunga. Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee mmoja, sauti imemkwaruza, kila mstari anaumaliza wenzake wameshaingia mwingine. Aliimba beti zote nne. Mimi nilishika kitabu cha nyimbo kikiwa wazi, sikufungua kinywa, na maneno niliyoshindwa kuyasema yakawa yanasemwa nyuma ya kisogo changu. Yule mzee hakujua. Angebaki nyumbani asubuhi ile akaomba chumbani kwake, sala yake ingefika mbinguni, sina shaka. Lakini mimi ningebaki na ukimya wangu.

Ibada naifuata kwenye simu, mahubiri nayasikia vizuri kuliko hata waliokaa viti vya nyuma. Haitoshi?

Kwa aliye safarini, aliye zamu, anayeuguza mtu, ni neema kubwa, na asiione haya. Kwa mtu mwenye afya ambaye kanisa liko karibu naye, hapana, haitoshi.

Kwenye simu wewe unaona, ila hakuna anayekuona. Ukilia hakuna wa kukusogelea, na usipowasha hiyo simu wiki tatu mfululizo hakuna wa kuuliza umepatwa na nini. Mkate na kikombe havipiti kwenye kioo. Hata mtume Yohana, aliyekuwa na njia ya mawasiliano ya wakati wake, alimaliza waraka wake wa pili akisema ana mengi ya kuandika lakini hakutaka kutumia karatasi na wino. Alitaraji kwenda na kusema nao mdomo kwa mdomo, “ili furaha yetu iwe timilifu”. Waraka ulikuwa mzuri, tunausoma hadi leo, lakini kwake haukuziba nafasi ya kuonana.

Nakwenda lakini sisikii chochote, na siku hizi hata imani yangu inayumba. Kuendelea kwenda si unafiki?

Mnafiki ni yule anayeigiza ili asifiwe. Wewe unakwenda na njaa yako, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Soma Yohana sura ya 20. Jioni ya siku ya ufufuo wanafunzi walikuwa pamoja, Bwana akawatokea, Tomaso hayupo. Walipomwambia alikataa: asipoona kovu za misumari hatasadiki. Baada ya siku nane wanafunzi wako ndani tena, “na Tomaso pamoja nao”. Maneno hayo manne mimi huyasoma polepole. Alikuwa bado haamini, na amekuja. Wenzake waliokwisha kuona hawakumwambia akae nje mpaka mashaka yaishe. Na ni hapo, katikati yao, alipokutana na aliyekuwa akimtafuta.

Asafu naye, katika Zaburi ya 73, anakiri kwamba kuwaona waovu wakineemeka kulikaribia kumwangusha. Alijaribu kuwaza mwenyewe, ikawa taabu tupu, “hata nilipoingia katika patakatifu pa Mungu”.

Siwezi kukuahidi kwamba Jumapili ijayo moyo utawaka. Huenda usiwake kwa muda mrefu. Lakini mwambie mtu mmoja pale, mchungaji au rafiki unayemwamini, kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi.

Nilisengenywa kanisani mpaka nikaacha kwenda. Nitarudije kukaa na watu wale wale?

Pole sana, dada. Kidonda cha kanisani kinauma kuliko vingine kwa sababu pale mtu huingia bila ngao.

Sitakuambia kwamba watu wa kanisani ni wema kuliko ulivyowaona. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba wanakusanyika si kwa faida bali kwa hasara: kwenye chakula cha Bwana huyu ana njaa, yule amelewa, maskini wameaibishwa. Ni barua kali. Nimeisoma mara nyingi nikingoja mahali atakapowaambia, basi, vunjeni mkutano, kila mtu aombe kwake. Hapafiki. Anachowaambia mwisho wa yote ni “mngojane”.

Kama ni masengenyo, naomba ujaribu kwanza njia ya Mathayo 18: nenda kwa mhusika, ninyi wawili tu. Ikishindikana, chukua mtu mmoja au wawili mwende naye. Naujua uzito wa kubisha mlango huo, na sikulaumu ukihitaji muda. Kama hapakaliki tena, tafuta ushirika mwingine ambamo Neno linafundishwa na watu wanajuana. Kuhama si kuasi. Ila usihamie kwenye upweke.

Na hapa niseme kwa wote wanaosoma: kama ulichofanyiwa ni unyanyasaji wa kimwili au wa kingono, hata kama aliyekufanyia anasimama madhabahuni, hudaiwi kurudi chini ya paa lile. Katoe taarifa kwa vyombo vya sheria, na usimsikilize anayekuambia kwamba kusamehe ni kunyamaza.

Kazi yangu ni ya zamu, Jumapili nyingi niko kazini. Mungu ananihesabia?

Hapana. Jumapili ilifanywa siku ya mapumziko katika Dola la Kirumi mwaka 321, kwa amri ya mfalme Konstantino. Kabla ya hapo ilikuwa siku ya kazi, na wengi katika Wakristo walikuwa watumwa na vibarua. Gavana Plinio, akimwandikia Kaisari Trayano mnamo mwaka 112, anasema Wakristo walizoea kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama Mungu. Waliamka gizani. Tafuta basi ibada ya alfajiri, ya jioni au ya katikati ya wiki, uishike hiyo iwe yako. Ninachokuomba ni utaratibu, kwa sababu “nikipata nafasi” haipatikani.

Watoto wangu wanapiga kelele, watu wananigeukia. Nisubiri wakue?

Usisubiri, mama. Kaa karibu na mlango, toka nao wakizidi, kisha rudi. Ninyi mnaogeuka na kukunja uso, mbebeeni mtoto mmoja.

Mama yangu amelala kitandani mwaka wa pili sasa. Analia kila Jumapili kwamba amelitupa kanisa. Nimwambie nini?

Mwambie hajalitupa. Wajibu umehamia upande wa pili: sasa ni kanisa linalopaswa kumwendea.

Na hilo ni la kale. Yustino Mfiadini, akieleza ibada ya Jumapili katikati ya karne ya 2, anaandika kwamba walisoma maandiko ya mitume au manabii kadiri muda ulivyoruhusu, kiongozi akahimiza, wakasimama kuomba, wakashiriki mkate na kikombe. Kisha mashemasi wakawapelekea wale ambao hawakuwepo. Sadaka nayo iliwafikia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Kwao, ibada ilikuwa haijaisha mpaka mgonjwa apate sehemu yake.

Basi usingoje wakumbuke. Wiki hii nenda kwa mchungaji au shemasi wenu, mpangiane siku ya kumletea meza ya Bwana, na siku hiyo irudi kila mwezi. Omba waje wawili watatu, kwa maana Bwana alisema walipo wawili watatu kwa jina lake yupo katikati yao, na hakutaja ukubwa wa chumba. Waimbe wimbo anaoujua, hata kama midomo yake ndiyo tu itakayochezacheza. Wakishamaliza, kabla hawajaaga, wasogeze viti karibu na kitanda na umwombe mama awaombee wao.