Dawdle ilivyonipa jina la Dodo

Jumatano usiku niliingia WhatsApp nikakuta ujumbe: "Shikamoo kaka Dodo. Mimi ni mpagazi, nataka kuwa kiongozi wa wageni lakini Kiingereza kinanigomea. Nianzie wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa, maana hilo jina uliloniitia ndilo jibu lenyewe.

Watu wa Moshi wakisikia Dodo wanadhani napenda maembe. Hapana. Msimu wangu wa kwanza kama kiongozi msaidizi tulipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu na mama mmoja wa Uingereza, mtu wa makamo. Siku ya pili, kutoka kambi ya Mandara kwenda ya Horombo, alitembea vile hasa tunavyotaka: hatua fupi, pumzi imetulia. Horombo iko mita 3,720, huko hewa imeshakuwa nyepesi, na anayeikimbilia ndiye anayetapika usiku. Nikataka kumsifu. Ningesema tu "polepole, safi", neno ambalo wageni wanalijua kabla hata hawajafunga kamba za viatu. Lakini mimi nilikuwa nimekesha na kamusi ya mtumba, nimekuta humo dawdle: enda polepole, kawia. Nikatabasamu kwa meno yote: "Mama, you are dawdling very well."

Mama akasimama. Akanitazama toka kofia hadi buti, kisha akakaza mwendo, fimbo zinagonga mawe ko, ko, ko. Alifika Horombo kichwa kinampasuka, supu hakuigusa. Kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba anajivuta na kutupotezea muda, tena kwa ufundi! Kiongozi wangu akaenda kuisimulia jikoni mbele ya wagumu, yaani wapagazi, wote, akilitamka neno lenyewe "dodo", wakashika mbavu. Bahasha yangu ya tipu siku ya mwisho sitaki kuizungumzia. Miaka tisa imepita, kiongozi yule leo ni rafiki yangu, lakini kile kicheko bado nakisikia.

Nilichokuja kukielewa ni kwamba Mwingereza huificha hukumu ndani ya kitenzi, na kamusi yangu ilikuwa imeyaandikia maneno chungu nzima maana ile ile moja, "enda polepole". Stroll ni kupunga upepo, kama Jumapili jioni mjini. Saunter ina madaha, mkono mfukoni, mtu anajua anatazamwa. Amble haina haraka wala maringo. Zamani ulikuwa mwendo wa farasi, na asili yake ya Kilatini ni moja na ya ambulance, ingawa ile ikikupita na king'ora hutaamini kuwa ni ndugu. Plod ndiyo ya usiku wa kutoka kambi ya Kibo kwenda kileleni: mguu mzito, kichwa chini, na huachi. Loiter ni kuzubaa mahali mpaka mlinzi akuulize una shida gani. Linger ni kukawia kwa sababu moyo hautaki kuondoka. Ukitaka mtu apunguze mwendo, sema slow down. Wengine husema slow up, maana ile ile, usiniulize kwa nini.

Na sisi tunayo hayo hayo. Mama mkwe akichelewa kurudi kutoka soko la Mbuyuni, utamwambia "naona leo umezurura"? Jaribu, uone utalala wapi.

Sasa vijana mnanichosha. Mnaniomba orodha ya maneno hamsini, myameze wiki moja, mkayatapike mbele ya mgeni. Neno ulilolikuta kwenye kamusi hujalijua bado. Subiri ulisikie kinywani mwa mtu, uuone uso wake akilisema, uandike nani kamwambia nani. Kama hujalisikia, usilitumie. Narudia: usilitumie. Mimi nililipia somo hili kwa jina langu alilonipa baba.

Mwezi uliopita tulikuwa tunashuka na mzee mmoja wa Kanada. Juu kidogo ya Horombo akaketi kwenye jiwe. Mawenzi ilikuwa imetoka winguni, nyekundu kwa jua la jioni. Akaniuliza, "Can we linger a bit?" Wagumu walishatupita na mizigo, chai inatungoja chini. Nikavua begi, nikakaa kando yake, na hatukusema kitu mpaka wingu lilipoufunika mlima tena.