Shangazi, historia ya kijiji chetu tuianzie wapi?

SWALI: Shangazi shikamoo. Naandika kutoka Jomvu Kuu. Vijana wa huku tumejiunga tunataka kuhifadhi historia ya kijiji maana wazee wanatutoka, kila tukizika tunasema laiti tungemuuliza. Sasa wengine wanataka tuchange tujenge chumba cha makumbusho, wengine wanasema tutie kila kitu Facebook, na kuna babu mmoja katurudisha mlangoni akidhani tumetumwa na watu wanaotaka mashamba yake. Tufanyeje?
Binti wa Jomvu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo pesa ya chumba iwekeni kando kwanza, kwani chumba kitangoja, wazee hawatangoja, na simu si mnazo? Jomvu si ya juzi, imo kwenye Tisa Taifa, yale makabila tisa ya Waswahili wa Mombasa, ya kuuliza yako tele, ila msimkalishe mzee kitini mkamwambia haya tupe historia, atawapa yale yale anayotoa kila harusi. Tembeeni naye. Asubuhi kabla jua halijakuwa kali mpelekeni kisimani, makaburini, ule upande wa mikoko, na akifika chini ya mwembe mwenyewe ataanza huu alipanda fulani, fulani akataka kuukata, wakanuniana mpaka Ramadhani. Hapo rekodi iwe inaenda, kwa ruhusa yake lakini.

Miaka msimdai. Muulize, ile mvua kubwa ya 1961 ulikuwa ushaolewa? Mlivuka Nyali kwa daraja la kuelea au lishafunguliwa hili la 1980? Mwaka utajitokeza wenyewe. Na wazee wawili wakipingana andikeni yote mawili, kila moja na mwenyewe, nyinyi si makadhi.

Picha za zamani zigeuzeni, majina mengi yako nyuma kwa penseli, mpige pande zote mbili nje kivulini bila flashi. Selotepu hapana jamani! Inageuka rangi ya chai na kuila karatasi. Mkitumiana kwa WhatsApp tumeni kama faili maana picha ya kawaida inapunguzwa, na nakala moja ikae kwa mtu aliye nje ya kijiji, hata Kongowea. Barua za Kiswahili cha herufi za Kiarabu mkizikuta sandukuni msizitupe kwa kuwa hamzisomi, mtafuteni anayezisoma mumrekodi akizisoma kwa sauti. Kuhusu kutunza karatasi nendeni Fort Jesus mkaulize, pale ni makumbusho.

Facebook mimi sitaki, angalau si kila kitu. Nani alikuwa mtumwa wa nani, mpaka wa shamba ulipita wapi, hayo yataleta ugomvi, na watu bado wanachota maji kisima kimoja. Kila mzee aseme mwenyewe kwenye rekodi lipi litoke na lipi libaki, na ya kutoka someni skuli na barazani kwanza, huko ndiko watu watawasahihisha papo hapo.

Huyo babu simlaumu, Pwani hii kesi za ardhi zimewachoma wengi. Msiende genge na simu mkononi. Aende mpwawe au rika yake, bila kurekodi, aulize uvuvi na ngoma tu. Siku akikubali, rekodi yake apewe yeye kwanza kwenye memori kadi ajisikilize na watu wake. Akikataa tena, basi, msimsumbue.