Gitaa la ridhimu katika bluegrass: dramu ni wewe

Miaka niliyopiga bendi Dar es Salaam, gitaa la ridhimu lilikuwa kazi ya kusuka. Besi ilishika chini, dramu na tumba zikabeba mwendo, solo likalia juu, nami katikati nikizungusha kipande changu kidogo bila kukoma. Nikipoteza mapigo mawili, wimbo ulisonga tu. Nilipohamia North Carolina, Marekani, nikakaribishwa kwenye duara la wapiga bluegrass, muziki wa kienyeji wa huko unaopigwa kwa vyombo vya nyuzi, nilikwenda na ufundi uleule. Wimbo wa pili haujaisha, mzee aliyekuwa akipiga besi akaniinamia: "Kijana, uko wapi?" Nikaongeza nguvu. Akatikisa kichwa. Hakutaka kelele. Alikuwa anatafuta dramu, na dramu nilipaswa kuwa mimi.

Elewa hilo kabla hujagusa uzi. Muziki huu ulipata jina lake kwenye bendi ya Bill Monroe wa Kentucky, Blue Grass Boys. Monroe alipiga mandolini, chombo kidogo cha nyuzi. Mwaka 1945 Lester Flatt aliingia na gitaa, Earl Scruggs na banjo, na vyombo vya wakati ule ndivyo vya msingi mpaka leo: mandolini, banjo, fidla, gitaa, na lile besi kubwa la mbao linalopigwa mtu akiwa amesimama. Dramu hakuna. Kwa hiyo wenyewe wanagawana kazi yake. Hesabu moja, mbili, tatu, nne: besi inaanguka kwenye moja na tatu, mandolini inakata kwenye mbili na nne, sauti fupi kavu inayozimwa papo hapo. Gitaa linafanya kazi zote mbili. Uzi mnene kwenye moja na tatu, nyuzi nyembamba kwenye mbili na nne. Du-cha, du-cha. Ukiyumba wewe, besi na mandolini hazina pa kukutana.

Kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za kuanzia ni tatu: G, C na D. Kwenye G, "du" ya kwanza ni uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti (kile kijiti cha chuma shingoni mwa gitaa) ya tatu, ya pili ni uzi wa nne ukiwa wazi. Kwenye C, uzi wa tano freti ya tatu, kisha wa nne freti ya pili. Kwenye D, wa nne ukiwa wazi, kisha wa tano ukiwa wazi. Mkono wa kushoto utazoea haraka. Kazi iko kulia.

Mimi nilikaa miezi nikiikosea ile "cha". Nilichapa nyuzi zote sita kwa nguvu, gitaa likatoa vurugu iliyomfunika mwimbaji na kuizamisha ile noti ya besi. "Cha" inatosha kwa nyuzi tatu nyembamba, ipite upesi, kiganja kikiwa kimelegea. Uzito uweke kwenye "du". Piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, nayo ina neno: ile nyembamba inayopinda inapiga makofi juu ya nyuzi na sauti inachelewa. Tafuta yenye unene wa milimita moja au zaidi. Gitaa liwe la nyuzi za chuma, lenye tumbo kubwa. La nailoni halitakupa hiyo "du" hata ulibembeleze vipi.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote halina kodi hata moja. Laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi zisilie. Washa metronomu, programu inayolia mapigo, kwenye simu, milio 50 kwa dakika, ila kila mlio uuhesabu kama mbili au nne. Ndiyo mandolini wako huyo. Moja na tatu uzizalishe mwenyewe kutoka kwenye ukimya. Siku ya kwanza utageuzwa, mlio utajikuta kwenye moja bila wewe kujua. Simama, anza tena. Dakika kumi kila siku, na usipandishe kasi mpaka mabega yako yametulia.

Ukishaweza, jifunze kile kipande kinachohusishwa na jina la Lester Flatt: uzi wa sita freti ya tatu, wa tano wazi, wa tano freti ya kwanza ukiteleza hadi ya pili, wa nne wazi, wa nne freti ya pili, umalizie uzi wa tatu ukiwa wazi. Kitamu sana, na ndiyo maana wengi tunakimwaga kila mahali. Kiweke pale tu mwimbaji anapovuta pumzi, mwisho wa mstari.

Waimbaji wengi wa bluegrass hupenda kuimba juu. Usihangaike na kodi mpya. Funga kapo, kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni, freti ya pili, G yako inakuwa A, freti ya nne inakuwa B. Kwenye duara, kama wimbo huujui, tazama mkono wa kushoto wa mpiga gitaa mwenzako. Na kama husikii maneno ya mwimbaji, punguza.

Wasikilize Flatt mwenyewe, na wapiga gitaa wenzake Jimmy Martin na Tony Rice aliyefariki mwaka 2020. Rice wengi humfuata kwa solo zake. Mimi nakuomba usikilize anachofanya wakati wengine ndio wanaopiga solo.

Walioko nyumbani huniandikia kwamba mtaani kwao hakuna anayepiga banjo. Banjo isubiri. Mtafute mpiga besi, hata wa kwaya ya kanisani, umwombe nusu saa. Yeye moja na tatu tu, wewe du-cha, G mpaka D na kurudi, taratibu. Rekodini kwa simu. Mkisikiliza, noti yake na "du" yako zisisikike mbili.