Nilidhani dufu limenitosha: kununua na kujifunza pandeiro

Mimi ni mtoto wa Tanga, na dufu nimelishika kabla sijajua kusoma vizuri. Kila mfungo sita tulikaa mistari miwili madrasani, madufu mkononi, tukiyumba pamoja na kaswida. Kwa hiyo nilipokwenda São Paulo kimasomo na kumwona mtu akipiga pandeiro kwenye gulio la Jumamosi la Praça Benedito Calixto, nilijisemea kimoyomoyo: hiki kitu nakijua. Ngozi ya mbuzi, duara la mbao, visahani vya chuma kandokando kama vya twari. Kuna nini hapo?

Ukoo upo kweli. Wareno wana ngoma yao ya pembe nne waiitayo adufe, na neno hilo walilipata kwa Waarabu, kama sisi tulivyolipata dufu. Pandeiro nayo ilivuka bahari na Wareno hao hao, na ilipofika Brazil Waafrika waliopelekwa utumwani na watoto wao wakaitia mkono wao. Leo utaikuta kwenye samba, kwenye choro (muziki wa ala wa Kibrazili), kwenye coco, ngoma ya kaskazini mashariki, na kwenye duara la capoeira, ule mchezo wa kupigana kwa kucheza, karibu na berimbau, uta wa muziki wenye waya mmoja. Lakini undugu hauchezi ngoma. Nilichokosea kilianza kuniuma mfukoni, kisha kikahamia mkononi.

Mtaa wa Rua Teodoro Sampaio hauko mbali na gulio lile, na umejaa maduka ya ala za muziki. Niliingia moja. Muuzaji akanitazama, akaniletea pandeiro kubwa kuliko zote ukutani: inchi 12, ngozi ya plastiki inayometameta. Nilipoitikisa ilimwaga mlio kama muuza kahawa anayegonganisha vikombe. Nikafurahi, nikalipa. Wiki ya pili kifundo cha mkono wa kushoto kilivimba hata kufungua mlango wa chumba ikawa kazi. Baadaye niliipima kwenye mizani ya jikoni: karibu gramu 700. Ninayopiga sasa ina gramu 420 hivi, na tofauti hiyo ndogo ukiishikilia hewani nusu saa unaijua.

Basi ukiwa dukani, usianze kwa kupiga. Anza kwa kushika tu. Iinue usawa wa kifua, zungumza na muuzaji dakika tano bila kuishusha. Mkono ukianza kutafuta mahali pa kuegemea, irudishe ukutani. Kwa anayeanza inchi 10 inatosha kabisa, na wapigaji wengi wa choro hawaendi zaidi ya hapo maisha yao yote. Pitisha kidole gumba kwenye ukingo utakaoushika, maana mbao yenye kona kali itakutoa sugu.

Kisha sikiliza visahani. Wabrazili huviita platinela, na kwa kawaida kuna nafasi tano. Kila nafasi ina viwili vilivyobonyea, na katikati yao kimoja bapa cha kuzima mlio. Hicho bapa ndicho kinachotenganisha pandeiro na matari mengine ya duniani. Itikise mara moja, usimame. Mlio mzuri ni mkavu, mfupi, kama mtu aliyekanyaga mchanga. Ukiendelea kulia baada ya mkono kutulia, ndiyo ile yangu ya vikombe vya kahawa.

Ngozi ni suala la hali ya hewa na subira. Ya plastiki haijali mvua, ila sauti yake nzito ni ya juujuu na kelele ni nyingi. Ya mbuzi ina sauti ya chini inayoingia kifuani, lakini inataka kutunzwa kama mgonjwa. Inyanyue uitazame kwenye mwanga: ukiona upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, haitalingana sauti hata ukaze vipi. Mimi ningekushauri ya mbuzi tangu mwanzo. Najua walimu wengi watasema vingine, lakini sisi tuliolelewa na dufu sikio linaidai.

Sasa kupiga. Mwalimu wangu alikuwa mzee mmoja mstaafu, mpigaji wa choro, na siku ya kwanza alinitazama napiga kwa mbwembwe zote za maulidi. Akaninyang'anya ngoma taratibu. “Mwanangu,” akasema, “mkono wako wa kulia unajua kazi. Wa kushoto umelala.”

Somo lilikuwa hilo, na lilinichukua miezi minane. Mkono wa kulia una mapigo manne tu yanayozunguka: gumba karibu na ukingo, ncha za vidole upande wa juu, kitako cha kiganja upande wa chini, ncha tena. Gumba, ncha, kitako, ncha. Utayashika siku moja. Kazi iko kwenye mkono unaoshika. Vidole vinapokuja juu, mkono wa kushoto unainamisha pandeiro kidogo iwapokee. Kitako kinapokuja chini, unairudisha. Mwendo wenyewe ni mdogo mno, nilipouona nilimkumbuka bibi yangu na ungo wake akipepeta mchele: anayemtazama kwa mbali huona mchele unaruka, mikono haioni. Usipoinamisha, mkono wa kulia utakimbia peke yake na utachoka kabla wimbo haujafika kati.

Halafu kuna kuziba. Gumba la kushoto liko juu ya ukingo, vidole vimeingia kwa ndani, na kidole cha kati kinabaki huru kugusa ngozi kwa chini. Kwenye samba, pigo la kwanza la gumba linazibwa, linatoka “tup” fupi. La pili linaachiwa, “tuum”, kama surdo, ile ngoma kubwa inayolala kwenye pigo la pili. Mimi kila mara nilikuwa naachia la kwanza. Mzee alikuwa akifumba macho kila nikikosea, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

Fanya dakika kumi asubuhi, kumi jioni, polepole hadi uone aibu. Kifundo kikiuma, acha siku hiyo. Ukiwa na majirani, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye visahani na ufunge kitambaa nyuma ya ngozi. Jirani yangu aligonga ukuta mara mbili kabla sijajua hilo, na kila akigonga nilimkumbuka João da Baiana, mwanamuziki wa samba wa Rio aliyezaliwa 1887. Inasimuliwa kwamba polisi walimnyang'anya pandeiro, kwa kuwa enzi hizo kukutwa nayo barabarani kulitosha kuitwa mzururaji, hadi seneta Pinheiro Machado akamzawadia nyingine yenye maandishi yake. Mimi sikuwa na seneta, nikanunua utepe.

Kuhusu kuwamba na kukaza: skurubu huzungushwa robo mzunguko, kisha unahamia iliyo mkabala wake. Gonga karibu na kila skurubu usikilize kama zinafanana. Mvua ikilegeza ngozi, Tanga tungeipasha moto. Kule nilitumia taa ya mezani. Asubuhi moja ya mvua niliikaza sana badala ya kuipasha joto, nikaiacha dirishani. Mchana jua likatoka, na nikiwa jikoni nikasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Wahenga walisema ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Yangu haikungoja hata ivume.

Wa kuwasikiliza: Jackson do Pandeiro kutoka Paraíba, kwa namna alivyoimba akichelewa na kuwahi juu ya mdundo bila kuanguka, Jorginho do Pandeiro kwa choro safi, na Marcos Suzano, ambaye hulegeza ngozi ikawa nzito na kuanza mzunguko kwa ncha badala ya gumba, hadi ngoma moja ikasikika kama seti nzima. Suzano mwache kwa mwaka wa pili. Mimi nilimwiga mwezi wa tatu nikaharibu hata kile kidogo nilichokijua.

Kama huna pandeiro bado, chukua dufu lolote ufanye yale mapigo manne, ukiliinamisha. Ukijaliwa kufika kwenye roda, wanapokaa kuzunguka meza na kupiga, usitoe yako mfukoni. Pandeiro moja inatosha, na aliyeishika ndiye mwenye kuitoa. Mimi nilikaa Jumamosi nyingi na juisi yangu ya miwa. Siku moja mzee, bila kunitazama, alininyooshea ya kwake katikati ya wimbo ili awashe sigara. Nilipiga wimbo huo na nusu ya uliofuata, la kwanza nikiziba, la pili nikiachia, mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, nikamrudishia. Sigara yake ilikuwa bado ndefu.