Maswali ya Wasomaji: Lainibeka na Jumba la Heshima

Msomaji wa Masasi anauliza: Kijiweni tumebishana. Luke Kuechly, lainibeka (mlinzi wa safu ya pili), aliacha mpira wa Kimarekani akiwa na miaka 28 tu, mbona aliingizwa Jumba la Heshima, la kuwaenzi wachezaji bora, mwaka 2023? Halafu wengine wanasema jumba liko Ohio, wengine Atlanta.

Jibu: Majumba ni mawili, ndugu yetu. La Canton, Ohio, ni la wachezaji wa kulipwa, nalo linataka mtu awe amestaafu kwa miaka 5. La Atlanta ni la mpira wa vyuo, na ndilo lililomwingiza Kuechly mwaka huo. Hilo halijali hata mchezo mmoja aliochezea Carolina Panthers, timu yake ya kulipwa. Linachotaka ni kwamba mchezaji aliwahi kuteuliwa kikosi cha kwanza cha nyota wa taifa akiwa chuoni, miaka 10 imepita tangu msimu wake wa mwisho huko, na hachezi tena kwa kulipwa. Kuechly alicheza msimu wake wa mwisho Boston College mwaka 2011, akatwaa tuzo ya Butkus ya lainibeka bora.

Msomaji wa Lindi Mjini anauliza: Eti chuoni Kuechly aliangusha wapinzani mara 532? Ana mbio kiasi gani?

Jibu: Mara 158 mwaka 2009, 183 mwaka 2010 na 191 mwaka 2011, kwa michezo 38. Hiyo ni wastani wa 14 kila mchezo, na hesabu inajumlisha pale walipomwangusha mtu wawili wawili. Mbio zinasaidia, lakini siri ni macho.

Lainibeka wa kati husimama kama mita 4 nyuma ya mstari wa kwanza wa ulinzi, mithili ya kiungo mkabaji. Hautazami mpira. Anamtazama gadi, lile pande la mtu wa timu pinzani lililo ubavuni mwa senta, yule anayeanzisha mpira. Gadi akisukuma mbele, mpira unakuja kwa mbio: ziba mwanya. Akirudi nyuma na kunyanyua kifua, ni pasi: rudi ukamkabe mpokeaji. Akichomoka kwenda pembeni, mfuate, mpira uko nyuma yake.

Kinachowaponza wengi ni kotabeki, yule mrusha pasi, anapojifanya anampa mwenzake mpira. Lainibeka anaruka hatua mbili mbele, pasi inampita juu ya kichwa. Wengine hukamata kwa mikono mitupu, na mbebaji wa kilo 100 anajichomoa kirahisi. Bega liingie kiunoni, kichwa kikae pembeni, macho juu. Anayeinamisha kichwa anaichezea shingo yake.

Msomaji wa Mikindani anauliza: Vijana tunataka kujaribu, ila hatuna kofia wala vikinga bega.

Jibu: Basi msiangushane kabisa. Chezeni ule wa vitambaa, uliopangwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles 2028. Ni watano kwa watano, uwanja wa mita 46 kwa 23, na mita 9 za kufungia kila mwisho. Mchanga mgumu wa ufukweni, maji yakikupwa, unafaa sana.

Kila mchezaji achomeke kiunoni vipande viwili vya kitenge, kimoja kila ubavu, vining'inie kama sentimita 40. Kikichomolewa, ameangushwa. Msivifunge fundo, mtachaniana kaptula na ugomvi utaanza. Anayetaka kumkimbilia kotabeki aanzie mita 6.4 kutoka mstari mpira unapoanzia. Chomekeni kijiti hapo, maana bila alama kila mtu atasogea.