Mwanangu alijigaragaza sokoni Mwanjelwa nikamchapa, kumbe kosa langu

Jana nimezunguka soko la Mwanjelwa hapa Mbeya na mwanangu wa miaka mitatu, tumenunua viazi, tumenunua parachichi, tumepanda daladala mpaka Uyole na hajalia hata mara moja, jamani nilitamani kupiga vigelegele.

Nimeshawishika kuandika maana juzi usiku mama mmoja wa Kihesa, Iringa kaniandikia inbox, wa kwake anajigaragaza kila akinyimwa kitu na majirani wanasema hajui kulea. Hilo neno nalijua mie. Mwezi wa saba mwaka jana, baridi lile mnalolijua, mwanangu alijitupa chini palepale sokoni anataka gari la plastiki, nikamchapa, akazidisha mayowe, muuza mitumba mmoja akasema kwa sauti "huyu kazaa tu, hajalea". Mpaka leo linanichoma.

Nimefika nyumbani nikakaa nikahesabu. Ilikuwa saa nane mchana, muda wake wa kulala. Tumboni alikuwa na uji wa saa moja asubuhi tu. Yaani nimemtoa mtoto ana njaa na usingizi halafu nimemchapa kwa sababu ana njaa na usingizi! Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 walisema mtoto wa miaka 3 na 4 alale jumla ya masaa 10 mpaka 13 kwa siku ukijumlisha na ya mchana, na skrini isizidi saa 1 kwa siku, wangu alikuwa anakesha na katuni mpaka saa tano usiku.

Sasa hivi sokoni naenda saa tatu asubuhi, ameshakula, na ndizi ipo kwenye mkoba. Kabla hatujatoka namwambia leo tunanunua viazi, gari hatununui. Tukifika namuuliza utabeba karoti au vitunguu, akibeba namwambia umebeba vizuri mwanangu. Ila kikubwa ni kula na kulala, narudia tena, kula na kulala.

Wamama wenzangu tuache kukimbilia fimbo, mtoto hana maneno ya kusema nimechoka mama, anasema kwa kujitupa chini, na wewe ndo mkubwa, wewe ndo wa kuangalia saa.

Mama wa Kihesa, chukua daftari uandike kwa siku saba anaanza kulia saa ngapi na alikula saa ngapi, halafu niandikie tena.