Q mkononi, U hakuna: nilivyojifunza maneno mafupi ya Kiingereza

Kwa muda mrefu niliiogopa herufi Q. Kwenye Scrabble, mchezo wa kupanga vigae vya herufi ubaoni ili kuunda maneno, iko moja tu kati ya vigae 100, ina pointi 10, na ukiivuta mwishoni bila U, ambayo huifuata karibu kila mara katika Kiingereza, inakukalia. Mchezo ukiisha ukiwa nayo unakatwa hizo 10, na mpinzani aliyemaliza herufi zake anaongezewa 10 hizohizo. Nimepoteza michezo miwili mfululizo kwa njia hiyo, wa pili kwa tofauti ya pointi 14. Fanya hesabu uone: ningekuwa na pa kuitua ile Q, mchezo ungekuwa wangu.

Nikatafuta orodha ya maneno yenye Q yasiyohitaji U, nikaanza kuyakariri kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. QI, QAT, QADI, QAID, TALAQ, FAQIR. Baada ya wiki mbili nilikuwa nayo yote kichwani, ila yamechanganyika. Siku moja nikaandika QADE kwa kujiamini kabisa. Mpinzani akapinga, kamusi ikafunguliwa, neno halimo. Nikaondoa herufi zangu na zamu ikapotea.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo ningelifanya tangu siku ya kwanza: nikasoma maana. QADI, kamusi ikasema, ni hakimu anayeamua kwa sheria ya Kiislamu. Nikarudia kusoma. Huyo ni kadhi! Neno nilikuwa nalo miaka yote, nikihangaika kulikariri kama la kigeni.

Nikaendelea. TALAQ ni talaka. NIQAB ni nikabu. QIBLA ni kibla. FAQIR ni fakiri. WAQF ni wakfu. SUQ ni soko, na hilo ndilo lililonifurahisha zaidi, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba soko na SUQ ni ndugu. Sababu ni moja. Kiarabu kina herufi mbili zinazokaribiana, kafu na qafu. Sisi Waswahili tumezipokea zote mbili kwa K. Kiingereza, katika maneno mengi kilichoyachukua moja kwa moja, kimeandika ile qafu kwa Q, bila kuidai U. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anapokutana na orodha hii, sehemu kubwa anaijua tayari. Anachohitaji ni kuzoea tahajia.

Tahadhari mbili, maana nilijikwaa kwa zote. Kwanza, si kila K yetu inarudi kuwa Q. Kahawa ina asili ya qafu, lakini Kiingereza kililipata neno kwa kuzungukia lugha nyingine na kuliandika kwa C. Pili, kuna QAID. Lina herufi zilezile nne za QADI, na anayekariri bila maana atayachanganya tu. Tena linafanana na kaidi, lakini si kaidi letu la ubishi: QAID ni kiongozi au chifu wa Afrika ya Kaskazini. Mimi huyatenganisha hivi: kadhi ana D katikati, kiongozi ana D mwishoni.

Yaliyobaki ni machache. QAT ni mirungi. QANAT ni mfereji wa chini ya ardhi wa kupitishia maji, ufundi wa kale wa Uajemi. QI ni nguvu ya uhai katika fikra za Kichina, na hilo ndilo neno la kulijua kabla ya yote. Q ikiangukia mraba wa ubao unaozidisha pointi za herufi mara tatu na QI ikasomeka pande zote mbili, wima na mlalo, unapata pointi 62 kwa herufi mbili.

Maana ina faida nyingine ambayo walimu wa orodha hawaisemi vya kutosha: inakuonyesha aina ya neno, na aina ya neno hukupa fununu kama S ya wingi inakubalika. SUQ ni nomino, kwa hiyo SUQS. AI ni mnyama wa Amerika ya Kusini mwenye vidole vitatu, kwa hiyo AIS. AA ni lava yenye uso wa kukwaruza, AAS. Lakini HM ni sauti ya mtu anayewaza, na SH ni ya kunyamazisha. Hizo hazichukui S. Vigae vya S viko vinne tu, na kukosea kimoja kunauma.

Herufi nyingine nilizipanga kwa mtindo huohuo. Kwa J nilianza na HAJ, ambayo ni hija, na TAJ, kofia ndefu ambayo ni ndugu wa taji letu. Kwa Z nilianza na ADZ, ambayo ni tezo la seremala. Ukikosa irabu kabisa kuna CWM, bonde la mlimani lenye umbo la bakuli, kutoka Kiwelisi.

Kuna watakaosema maana haina kazi. Watamtaja Nigel Richards wa New Zealand, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Ni kweli, na namheshimu sana. Lakini kumbukumbu kama yake ni adimu, mimi sina, na pengine wewe pia huna. Mfano unaonitia moyo ni Wellington Jighere wa Nigeria, bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza mwaka huohuo kule Perth, wa kwanza kutoka Afrika. Wachezaji wa Nigeria wanajulikana kwa kuthamini maneno mafupi ya herufi nne na tano, si kukimbilia marefu kila zamu.

Kabla ya kucheza, kubalianeni orodha ya maneno yanayoruhusiwa. Ya Collins, wachapishaji wa kamusi wa Uingereza, ya mwaka 2019 ina maneno 127 ya herufi mbili. Ya Marekani Kaskazini ina 107. OK, kwa mfano, liliingia kwenye kamusi ya Scrabble ya Merriam-Webster mwaka 2018 tu.

Mimi hujifunza maneno matatu kwa siku, kila neno na sentensi moja niliyoitunga mwenyewe, kisha narudia ya juzi kabla ya kuongeza mapya. Nikikosa sentensi, neno hilo silihesabu kuwa langu.

Na V usikae nayo hadi mwisho. Hakuna neno hata moja la herufi mbili lenye V, iwe kwenye orodha ya Collins au ya Marekani Kaskazini. C nayo ina CH peke yake, tena kwa Collins tu: ni namna ya zamani ya kusema "mimi" katika lahaja ya Kiingereza. Vigae vikibaki kidogo mfukoni, hizo mbili zitoe mapema.